Haiko Ile, Dokta!

Wewe ungemcheka mtu anayelia kwa sababu ya jino? Usijibu upesi. Watu wa mtaa wa Hewa Bora ni watu wema. Bomba likikauka wanagawiana maji, msiba ukitokea wanakesha pamoja, na hakuna anayepita mlangoni kwa mwenzake bila kumjulia hali. Nao walicheka. Walicheka siku mbili, mbele ya macho yake, na kama ungekuwa pale huenda nawe ungecheka mpaka ukashika mbavu.

Mtu mwenyewe anaitwa Clément Mulongoye, mshonaji wa nguo, mwenye miaka hamsini na minane. Baba yake alitoka upande wa Manono kuja kufanya kazi ya reli, na kutoka kwa baba huyo Clément alirithi rozari, saa ya mfukoni iliyokufa, na sauti. Akiongea kwa kunong'ona, mtu aliye upande wa pili wa uwanja anamsikia. Cherehani yake iko barazani, chini ya bati, na hapo hushona mashati ya kwaya na suruali za wanafunzi, akikata uzi kwa meno kama alivyofundishwa na fundi wake, maana mkasi, alisema fundi huyo, ni wa kitambaa tu.

Lakini ukiuliza njiani, "Kwa Papa Clément ni wapi?" watu watakutazama. Uliza kwa Papa Jino, hata mtoto wa miaka minne atakupeleka.

Jina hilo lilitoka katika filamu. Padri mmoja, kabla ya kurudi kwao kufa, aliacha sanduku la filamu parokiani. Nyingi ziliharibiwa na unyevu. Ikabaki moja, fupi, ya dakika kumi na mbili, ya rangi nyeusi na nyeupe, isiyo na sauti hata moja. Ndani yake kuna bwana mnene aliyefungwa kitambaa shavuni, anayeteswa na jino. Analifunga kwa kamba kwenye mlango. Mlango unang'oka pamoja na fremu yake, jino linabaki. Anakwenda kwa daktari, jitu refu lenye masharubu na koleo la kung'olea misumari ya reli. Daktari anapanda kifuani, anavuta, anaanguka, anainuka na jino mkononi. Silo. Anapanda tena. Silo. Filamu inakwisha daktari mwenyewe akiwa ameng'oka meno mawili ya mbele, na yule bwana bado ameshika shavu.

Filamu bila sauti inahitaji mtu wa kuisemea, na tangu akiwa kijana wa miaka ishirini na mitatu mtu huyo alikuwa Clément. Alisimama kando ya kitambaa cheupe na kuwapa wote sauti. Bwana mnene alimfanya mfanyakazi wa mgodi aliyetoka zamu ya usiku. Daktari alimpa Kiswahili cha puani cha mabosi wa zamani, cha watu wasiomngoja mwenzao amalize kusema. Na koleo lilipoingia mdomoni, mgonjwa alipaza sauti, "Haiko ile, Dokta! Haiko ile!" yaani jino linaloniuma silo hilo unaloshika. Hapo ukumbi mzima, wazee kwa watoto, uliitikia kwa pamoja, "Njo ile-ile! Ngoa!" Ni hilo hilo, ling'oe.

Basi maneno hayo yakatoka ukumbini yakaingia mtaani. Mwanamke sokoni akimnyooshea mteja rundo la nyanya, mteja akasema, "Haiko ile, mama, nataka ile ya nyuma," wauzaji watano wataitikia, "Njo ile-ile!" Fundi wa gari akifungua boliti isiyo yake, utasikia hivyo hivyo. Hata katekista, siku moja, alipotaja ukurasa usio wake, alijibiwa na kwaya. Na kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya misa ya pili, filamu ile ile ilionyeshwa tena, sasa kwa mashine ndogo inayotiwa kijiti cha kumbukumbu, na watu walioiona mara mia walikuja kuiona mara ya mia na moja.

Clément aliipenda kazi hiyo, na kulikuwa na sababu ambayo hakumwambia mtu. Aliamini kwamba watu walimcheka daktari. Aliamini kwamba katika yale masharubu waliwaona wote waliowahi kuwavuta pasipouma: bosi, karani, mkubwa wa ofisi anayekupa karatasi usiyoomba. Kila kicheko, kwake, kilikuwa ngumi ndogo. Miaka thelathini na mitano alikwenda nyumbani Jumapili akiwa na koo lililokauka na moyo uliojaa.

Alhamisi moja ya mwezi wa tisa, akiwa anakata uzi, jino la mwisho la chini, upande wa kushoto, lilimpiga kama waya wa umeme. Aliweka chini shati. Alingoja lipite. Halikupita.

Mke wake, Albertine, alimtengenezea maji ya chumvi, kisha karafuu iliyopondwa, kisha akamtafutia vidonge. Ijumaa ikapita hivyo. Jumamosi asubuhi Clément alijitazama kwenye kipande cha kioo alichokuwa akipimishia wateja, akaona shavu limejaa na ngozi chini ya taya inang'aa.

"Albertine," alisema, "kuya uone."

Albertine alikuja, akatazama, na mdomo wake ukacheza. Hakutaka, lakini ulicheza. "We muzee," alisema, "unafanana na ule wa filamu."

"Mama, tazama muzuri. Tazama hapa chini."

Akatazama pale kidole chake kilipokuwa, kwenye shingo, na kicheko kikamkauka.

Maana nyumba ile ilijua jino linaweza kufanya nini. Kaka yake Clément, Alexis, mtu mwenye afya aliyekuwa akibeba magunia mawili ya makaa kwa pamoja, aliumwa jino mwezi wa tano, miaka kumi na minne iliyopita. Siku ya kwanza waliliita jino. Siku ya nne uvimbe ulishuka shingoni. Siku ya saba hakuweza kumeza mate, na siku ya nane alikufa amekaa kitako, kwa sababu akilala hakupata hewa. Familia ilifanya vikao vitatu kumtafuta aliyemroga. Clément alikaa kwenye vikao vyote vitatu na kunyamaza, naye alijua kilichomuua kaka yake: jino la chini, la mwisho, upande wa kushoto.

Ndiyo maana Jumamosi ile alianza kuhesabu. Alhamisi, moja. Ijumaa, mbili. Jumamosi, tatu.

Sasa ungetegemea mtu apande pikipiki aende kwa daktari wa meno. Fikiria kwanza mji wenyewe. Usiku na mchana malori yanatoka humu yamebeba shaba na kobalti kwenda kuendesha simu na magari ya dunia nzima. Lakini katika mitaa ile, yenye watu ambao hakuna aliyewahi kuwahesabu wote, kiti cha meno kilikuwa kimoja tu, katika kituo kidogo cha afya nyuma ya soko, na waliong'olewa meno ni waliofika Jumatatu tu. Siku nyingine zote muuguzi pekee aliyejua kung'oa alikuwa akizalisha.

"Jumatatu," alisema Albertine. "Siku mbili tu. Utavumilia."

Kesho yake ilikuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi.

Clément hakwenda ukumbini kusema filamu. Alikwenda kuomba radhi. Angeweza kumtuma mtu, lakini baada ya miaka thelathini na mitano aliona ni heshima kwenda mwenyewe, asimame mbele ya watu, awaambie kwa kinywa chake kwamba leo hataweza. Albertine alimfunga kitenge kuzunguka kidevu na utosi ili joto litulize maumivu, fundo likakaa juu ya kichwa na ncha zake mbili zikasimama kama masikio ya sungura.

Alipoingia kwa mlango wa pembeni, ukumbi wote ulimgeukia. Kisha ukalipuka.

Hawakuwahi kuona hivyo. Miaka yote Papa Jino alisimama kando na shati lake jeupe; leo alikuja amevaa kama bwana wa kwenye filamu, na shavu, tazama shavu, ameweka nini humo, chungwa zima? Wanawake walipigana mabegani. Mzee mmoja aliinuka akakaa, akainuka tena.

Clément aliinua mkono. "Bantu," alisema, na sauti yake iliyokuwa ikivuka uwanja ilitoka nene na yenye mate, "munisikie. Niko mugonjwa. Leo shiwezi."

Wakacheka zaidi.

"Shiko nacheza! Ni jino ya kweli!"

"Njo ile-ile!" ukumbi uliitikia. "Ngoa!"

Alitazama mstari wa mbele. Alikuwepo pale Mwelwa, jirani yake, muuza makaa, na kwa mtu huyo aliweka tumaini lake. Alimwita kwa jina. Lakini Mwelwa alikuwa mnungwe wake, mtani wa kurithi; nyumba ya Mwelwa na nyumba ya Mulongoye zilitaniana tangu babu zao, na utani wa namna hiyo una sheria zake. Mnungwe anaweza kukunyang'anya chakula mkononi. Anaweza kulala kwenye kaburi la baba yako na kukataa kuondoka mpaka umpe kitu. Nawe huruhusiwi kukasirika.

Mwelwa aliinuka, akageukia watu na kutandaza mikono. "Bandugu, mumuonee huruma! Bachawi bamemutupia papai mu kinwa!"

Ndipo Clément alipolia. Alilia kweli, machozi yakashuka juu ya kitenge, na watu walipoyaona machozi walisimama wote kwa miguu yao wakapiga makofi. Mwendesha mashine alidhani ni wakati wake, akazima taa. Bwana mnene akatokea kwenye kitambaa akiwa ameshika shavu. Chini yake Clément naye ameshika shavu. Filamu ilikwenda dakika kumi na mbili na mtu hakuisemea. Alikuwa akiguna tu pale kando, akiegemea ukuta, na kila mguno ulipokelewa kwa kicheko kikubwa kuliko cha maisha yake yote. Alitazama nyuso zao zikimulikwa na mwanga wa kitambaa. Hakuna hata mmoja aliyekuwa akimtazama daktari.

Nyumbani Clément alijilaza akageukia ukuta. Ni Albertine aliyesema. Alisema mengi, na mengine hayafai kuandikwa.

Jumatatu, siku ya tano. Clément hakufungua mdomo zaidi ya upana wa kidole. Waliondoka asubuhi yeye na mke wake kwa miguu, maana mtikiso wa pikipiki ulimfanya ajisaidie kidogo kwa maumivu alipojaribu kupanda. Walipopita kwa Mwelwa, mtu huyo alikuwa ameshatoka, ana sufuria na mwiko.

"Papa Jino anaenda kwa Dokta!" Akagonga sufuria. "Mutoke! Leo ni bure!"

"Mwelwa," alisema Albertine, "acha. Mutu iko anakufa."

"Akufe? Akikufa, mi njo nitavaa suruali yake, na we njo utanipikia bukari." Ndivyo mnungwe anavyosema, angesema vingine, watu wangeshangaa. Albertine alimtupia kandambili. Mwelwa aliidaka na kuiweka juu ya sufuria kama kifuniko, wapita njia wakashangilia, na ikawa kandambili imeongeza maonyesho. Walipofika sokoni walikuwa watu kumi na watano nyuma. Walipofika kituoni hawakuhesabika.

Muuguzi anaitwa Chance. Ni binti wa mtaa ule ule, amesoma, ana mikono mizuri, na kama kungekuwa na haki angekuwa na wasaidizi wanne na daktari juu yake. Alikuwa peke yake. Chumba chake kilikuwa na meza, beseni, sanduku la bati lenye koleo tatu, na katikati, kama bwana harusi, kile kiti. Kililetwa mwaka uliopita na wafadhili. Kilikuwa cha buluu, kinapanda na kushuka kwa umeme, na bado kilikuwa kimevikwa nailoni yake ya kiwandani, kwa sababu mkuu wa kituo alikataza isitolewe: wageni wanaweza kuja. Kila mgonjwa aliyeinuka hapo alibanduka kwa sauti ya kuchanika.

Umeme haukuwepo. Kiti kilikuwa kimelala chini tangu juzi. Chance alikanyaga kitufe mara mbili tatu kwa mazoea, hakikusogea, akaacha.

"Papa Jino!" alisema, na uso wake ukafunguka. Alikuwa msichana wa miaka sita alipoiona filamu mara ya kwanza, amekaa sakafuni, mbele kabisa. "Karibu, Papa. Kumbe leo tutacheza na we mwenyewe."

"Binti," alisema Albertine, "usicheke. Umuangalie."

Chance alitazama, akaona uvimbe, akaacha kutabasamu. Hilo lazima lisemwe kwa haki yake. Alivuta shavu kwa kijiko, akamulika kwa simu. Mdomo haukufunguka vya kutosha. Aliona wekundu, aliona usaha, aliona meno mawili ya nyuma yamezama ndani ya nyama kama mawe kwenye matope. Alikuwa na chupa moja ya dawa ya ganzi, ya mwisho. Alimchoma yote.

"Weka mikono chini ya mapaja, Papa. Usinishike."

Clément akaweka. Dirisha la chumba halikuwa na kioo. Ndani ya fremu yake kulikuwa na vichwa tisa, na katikati ya vichwa hivyo kichwa cha Mwelwa. Ganzi ilipanda. Ulimi ukawa kipande cha nyama cha mtu mwingine. Kisha koleo likaingia, likatafuta, likakamata.

Nusu ya taya ile ilikuwa imekufa, lakini mtu anajua jino lake. Alihisi baridi ya chuma mahali pasipouma. Lilikuwa limekamata la jirani, lile zima, alilokatia uzi miaka arobaini. Akavuta pumzi, na kwa ulimi ule usio wake akasema maneno pekee yanayofaa kusemwa wakati huo.

"Aiko ile, Dokta."

Kisha, kutoka dirishani, kutoka mlangoni, kutoka kwa wajawazito waliokaa kwenye benchi nje, kutoka kwa mlinzi wa geti, ikaja sauti moja kubwa yenye furaha:

"Njo ile-ile!"

"Aiko ile! Aiko ile!"

"Ngoa!"

Chance alicheka. Hakupanga kucheka. Kicheko kilimtoka tumboni, cha yule msichana wa miaka sita aliyekaa sakafuni, mabega yakatikisika, na mikono yake, iliyokwishazoea kazi hata akiwa na usingizi, iligeuza koleo kushoto, kulia, ikavuta.

Mtaa ulipiga makofi. Na wakati huo huo, kwa ukatili wa kampuni ya umeme ambayo haimwulizi mtu, umeme ukarudi. Kile kitufe kilichokanyagwa kilikuwa kimekwama. Kiti kikaguna, kikaanza kupanda, polepole, kikiwa kimembeba Clément Mulongoye, mikono bado chini ya mapaja, damu kidevuni, masikio ya kitenge yamesimama, mpaka akafika usawa wa dirisha na kutazamana na jirani yake uso kwa uso.

"Muzee," alisema Mwelwa, akifuta machozi ya kucheka, "leo umetuua."

Chance hakuwa akicheka tena. Alikuwa amesimama karibu na beseni akitazama kile kilichokuwa kwenye koleo. Jino jeupe, zima, mizizi yake miwili safi kama karanga iliyomenywa. Alilisogeza kwenye mwanga. Akaenda dirishani, akavuta pazia, akashikilia ncha zake mbili kwa mkono ili zisifunguke.

"Papa," alisema. "Juu ya nini haukuniambia?"

Clément alimtazama kutoka juu. Alikuwa amemwambia. Alikuwa amewaambia kwa miaka thelathini na mitano.

Chance alilia kidogo, kwa haraka, kama mtu anayejua kuna wengine nje wanangoja. Alisema hawezi kugusa lile bovu bila ganzi, uvimbe ni mkubwa mno, atazimia au atakufa mkononi mwake. Alimpa vidonge vya usaha alivyokuwa navyo, kumi na viwili. Alisema jioni atakwenda mjini yeye mwenyewe, kwa miguu ikibidi, atafute chupa.

"Kesho si Jumatatu," alisema Albertine.

"Kesho itakuwa Jumatatu," alisema Chance. "Saa moja. Mi niko, kiti iko. Musikose."

Kwa hiyo Jumanne, siku ya sita, Clément na Albertine walikuwa uani mwa kituo kabla ya saa moja. Uvimbe ulikuwa umefika pale kola ya shati inapoanzia. Alikuwa akimeza mate kwa kuinamisha kichwa pembeni, kama kuku anayekunywa. Habari ya Jumatatu mpya ilikuwa imesambaa, na wengine saba walikuwa wamefika mbele yake, kila mmoja na shavu lake. Wa kwanza kabisa alikuwa bikizee mmoja, Mama Lombe, mwenye shamba la muhogo ng'ambo ya reli, aliyetembea tangu kulipokuwa giza. Aliwaambia wote, bila kuulizwa, kwamba jino lake lina wiki tatu.

Saa moja na dakika kumi Chance alitokea, amevaa nguo za jana, macho mekundu. Aliinua mkono wake akawaonyesha. Chupa mbili.

Saa moja na robo likaingia lori.

Walishuka wanaume wanne na dereva. Mkuu wa kituo aliwafuata akiwa amevaa suti, akitembea upesi na bila kumtazama mtu. Walikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha meno, na baada ya muda mfupi kile kiti cha buluu kikatoka mlangoni kimebebwa, miguu mbele.

"Kinaenda wapi?" aliuliza Chance.

"Kwa kituo kipya, njia ya Kipushi. Bakubwa banakuya saa ine kukata utepe."

"Hawana kiti yao?"

"Yao haiyafika. Wataona nini sasa, ukuta?"

"Bagonjwa ni bale pale. Unipe saa mbili. Saa moja tu."

"Saa ine, madame. Kuna televisheni."

"Kitarudia lini?"

"Kitarudia," alisema mkuu wa kituo, akaangalia saa yake.

Albertine alianza kupiga kelele. Clément alifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa mate na pumzi. Akasogea mbele, akashika mkono wa kiti, na mmoja wa wabebaji akamwondoa vidole taratibu, kimoja kimoja, akisema, "Pole, Papa, pole." Walikiweka kiti chini katikati ya ua ili kupanga kamba. Nailoni yake ilimeremeta juani.

Hapo Mama Lombe alitoka kwenye mstari. Alivua kandambili, akazipanga sambamba chini, akajipangusa nyayo kwa ncha ya kitenge, akapanda. Akajilaza. Akafungua mdomo.

"Mama, shuka."

Hakushuka. Labda hakusikia, labda alisikia. Mmoja wa vijana alinyoosha mkono, akaurudisha. Mwanamke wa umri ule ni mama wa mtu, haguswi kwa nguvu mbele ya watu. Wakatazamana. Dereva akapiga honi. Chance alikimbilia ndani kutafuta koleo lake, na waliposikia kishindo cha sanduku la bati wale wanne walifanya walichoona ni rahisi zaidi: waliinama, wakashika kila mmoja mguu wake wa kiti, wakahesabu tatu, wakainua vyote.

Clément alimwona akipanda juu, juu ya vichwa vyao, juu ya ukingo wa lori. Waliweka kiti katikati ya sakafu ya lori na kukifunga kamba, naye ndani yake. Mkuu wa kituo aliingia mbele na dereva. Chance alitoka na koleo mkononi wakati lori linapita geti. Lilikunja kuelekea njia ya Kipushi, likayumba kwenye shimo, likanyooka, na Mama Lombe alikuwa bado amelala vile vile, mdomo wazi, amejiingizia kidole mpaka kwenye kifundo kuonyesha ni jino lipi, na aliyekuwa nyuma yake wa kuonyeshwa ni mwendesha pikipiki mmoja tu, aliyekuwa akipiga honi apewe njia.